Wagombea wa bodi ya shule Louisville: utajuaje kila mmoja anasimamia nini?

SWALI: Nimepata uraia, na Novemba 2026 nitapiga kura kwa mara ya kwanza hapa Louisville, Kentucky. Nina watoto watatu katika JCPS, yaani shule za umma za hapa, mmoja bado yuko darasa la kujifunza Kiingereza. Kwa viti vikubwa naona chama cha kila mgombea. Kwa bodi ya shule naona majina matupu, na vipeperushi vyote vinasema "watoto kwanza". Nitajuaje nani anataka nini kuhusu mabasi, simu, vitabu, polisi shuleni na walimu wa Kiingereza? — Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, sehemu kubwa ya mambo yanayogombaniwa kwenye kampeni za bodi ya shule hayapigiwi kura na bodi hiyo. Mengine yanaamuliwa na bunge la jimbo kule Frankfort, mengine yameshafungwa na mahakama za shirikisho. Mgombea anayekuahidi kuyabadilisha ama haijui kazi anayoiomba, ama anaijua na anategemea kwamba wewe huijui. Msimamo wa kuutafuta ni ule unaoweza kugeuka kura katika kikao cha bodi. Kwa hiyo chuja mambo kwanza, wagombea baadaye.

Na kabla ya hapo, hakikisha kiti kipo. Bodi ya JCPS ina wajumbe 7, kila mmoja anatoka eneo lake, na muhula ni miaka 4. Viti havigombewi vyote pamoja. Mwaka 2022 yalipiga kura maeneo 1, 3, 5 na 6, kwa hiyo ndiyo ya 2026. Maeneo 2, 4 na 7 yalipiga 2024. Ukikaa eneo la 4, basi 2026 hutaona kiti cha bodi kwenye karatasi yako, labda pawe na mjumbe aliyeondoka kabla ya muda. Ingia govote.ky.gov, andika jina na tarehe ya kuzaliwa, utaona eneo lako na baadaye mfano wa karatasi yako ya kura. Mwisho wa wagombea kuwasilisha fomu ni Jumanne ya kwanza ya Juni, kwa hiyo kuanzia hapo majina yanajulikana na una miezi mitano ya kuwachunguza. Hakuna mchujo wa awali wala duru ya pili: wakiwa watano, anayeongoza ameshinda hata kwa theluthi ya kura. Ndiyo maana kura mia chache zinaweza kuamua.

Sasa, bodi inaamua nini hasa? Inaajiri na kumwondoa msimamizi mkuu wa wilaya, yaani superintendenti. Inapitisha bajeti na kiwango cha kodi ya majengo inayolipia shule. Inafunga na kufungua shule, inachora mipaka ya nani asome wapi, inaamua nani apandishwe basi, inapitisha kanuni za nidhamu na mikataba na vyama vya wafanyakazi. Haiajiri walimu wala walimu wakuu. Tangu mageuzi ya elimu ya 1990, mjumbe anayejaribu kuingilia ajira ya mfanyakazi wa shule anaweza kuondolewa kwenye kiti. Mgombea akikunong'oneza kanisani kwamba atamtafutia mdogo wako kazi jikoni shuleni, ameshakueleza atakavyoheshimu sheria.

Vitabu vya kiada pia si vya bodi. Sheria ya jimbo ya 2022 ilihamisha uamuzi wa mtaala kutoka mabaraza ya shule kwenda kwa superintendenti. Kwa hiyo mgombea anayesema "nitabadilisha mtaala" atafika huko kwa mlango mmoja tu: kumchagua au kumbana superintendenti. Muulize ni superintendenti wa aina gani atampigia kura. Jibu lake litakuonyesha mengi kuliko hotuba nzima.

Mabasi ndiyo jambo lililo mikononi mwa bodi kuliko yote, na ndipo maneno matamu yanapovunjika upesi. Unakumbuka, au umesimuliwa, siku ya kwanza ya shule tarehe 9 Agosti 2023: madereva walikuwa wachache, njia zilikuwa zimepangwa upya kwa programu ya kompyuta, saa za kuanza shule zimebadilishwa, na watoto wa mwisho wakafika nyumbani karibu saa nne usiku. Shule zikafungwa zaidi ya wiki. Aprili 2024 bodi ikaondoa basi kwa wanafunzi wengi wa shule za magneti (zenye programu maalumu, zinazopokea watoto kutoka jiji zima) na zile zinazoitwa za kijadi (zenye nidhamu na mavazi ya kanuni kali), wakabaki hasa wanaosoma shule za mtaa wao. Baadaye madereva wa kampuni ya mabasi ya umma, TARC, wakasaidia kurudisha sehemu ya usafiri huo.

Kila mgombea atakuambia anataka mabasi yarudi. Kinachowatofautisha ni gharama. Dereva mpya hapatikani kwa azimio. Anapatikana kwa mshahara mkubwa zaidi, kwa kupunguza njia, au kwa kutawanya saa za kuanza ili basi moja lipige mizunguko mitatu asubuhi. Mzunguko wa tatu ukiwapo, kuna mtoto anayeanza shule alfajiri na mwingine anayemaliza jioni sana. Kwa hiyo uliza hivi: "Ukirudisha mabasi ya magneti kabla madereva hawajatosha, uko tayari saa za kuanza zibadilike tena? Kama hapana, utapunguza usafiri wa nani?" Anayejibu kwa kutaja saa, idadi ya njia au mshahara wa dereva ameifanya kazi yake ya nyumbani. Anayejibu "nitaunda kamati" hajakujibu.

Nyuma ya mabasi kuna pesa. Mwaka 2025 wilaya ilitangaza nakisi ya dola milioni 188. Fedha za dharura za shirikisho zilizokuja wakati wa Uviko zilifikia ukomo Septemba 2024, na kazi zilizokuwa zikilipwa kwa fedha hizo ama zihamishiwe kwenye bajeti ya kawaida, ama zifutwe. Walimu wa ziada, wakalimani, washauri wa wanafunzi na masomo ya kiangazi ndiyo hukatwa kwanza mahali popote, kwa sababu si lazima kisheria kuwa nao kwa idadi fulani. Kalenda yake ni hii: rasimu ya bajeti ifike mbele ya bodi kabla ya Januari kuisha, bajeti ya muda mwishoni mwa Mei, na bajeti ya kufanyia kazi mwishoni mwa Septemba. Mjumbe aliyepo anayelalamikia makato kwenye kampeni ya Oktoba ameshapiga kura katika vikao hivyo vyote vitatu. Tafuta alipigaje.

Kuhusu kodi, kuna namba moja ya kushika: asilimia 4. Chini ya sheria ya jimbo ya 1979, bodi inaweza kupandisha kiwango mpaka mapato kutoka majengo yaliyokuwapo yakue kwa asilimia 4. Ikivuka hapo, wapinzani wanaruhusiwa kukusanya saini ili ziada ile ipigiwe kura na wananchi. Ilitokea 2020: bodi ilipandisha kutoka senti 73.6 hadi senti 80.6 kwa kila dola 100 za thamani ya jengo, saini zikakusanywa, kesi ikaenda mahakamani, na kodi mpya ikabaki. Fanya hesabu mwenyewe: senti 7 kwa kila dola 100, nyumba ya dola 200,000, ni dola 140 za ziada kwa mwaka. Ukipanga, hulipi moja kwa moja lakini mwenye nyumba hatasahau. Swali ni fupi: "Utapiga kura ya kuvuka asilimia 4, ndiyo au hapana, na kama hapana utakata nini?" Usikubali nusu ya jibu. Mgombea asiyetaka kodi ana haki yake, na anayeitaka pia ana yake. Asiye na haki ni yule anayetaka kodi ishuke, mabasi yarudi na walimu waongezwe, vyote kwa mwaka mmoja.

Simu ni jambo dogo kuliko linavyopigiwa kelele. Sheria ya jimbo ya 2025 inalazimisha kila bodi kuwa na kanuni inayokataza simu angalau wakati wa masomo. Kilichobaki ni kama marufuku ifike hadi chakula cha mchana na korido, na kama wilaya inunue mifuko ya kufungia simu au iwaachie walimu wasimamie.

Polisi shuleni vivyo hivyo: bodi ilikosa kura za kutosha kurefusha mkataba wa polisi wa nje mwaka 2019, baadaye ikaanzisha kikosi chake, na sheria ya jimbo ya 2022 inataka ofisa kwenye kila shule pale fedha na watu vinaporuhusu. Anayesema atawaondoa kabisa hawezi. Muulize kuhusu mafunzo yao, na nani anaitwa mtoto anapogombana: ofisa au mshauri?

Vitabu vya maktaba na masuala ya jinsia ndiyo yanayowagawa watu makanisani na misikitini, kwa hiyo nitayatenganisha. Kanuni za vyoo, viwakilishi (maneno ya kumtaja mtoto, kama "he" au "she") na elimu ya uzazi kwa madarasa ya chini zimewekwa na sheria ya jimbo ya 2023. Bodi inaandika tu namna ya kuitekeleza. Sheria nyingine ya mwaka huohuo inampa mzazi njia ya kulalamikia kitabu anachoona kina madhara: unaanza kwa mwalimu mkuu, na usiporidhika unakata rufaa kwa bodi. Hapo kura ya mjumbe ina uzito halisi, kitabu kimoja baada ya kingine. Kisha Juni 2025 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3 katika kesi ya wazazi wa Montgomery County, Maryland, iliamua kwamba wazazi wenye pingamizi la dini wapewe taarifa na nafasi ya kumtoa mtoto kwenye masomo ya hadithi zenye masuala hayo ya jinsia. Mgombea hawezi kukunyima haki hiyo wala kujisifu kwamba ameileta yeye. Uliza taarifa itatoka siku ngapi kabla, kwa lugha gani, na mtoto aliyetolewa atafanya nini kwa saa hiyo. Taarifa ya Kiingereza tupu kwenye begi la mtoto haijamfikia mzazi asiyesoma Kiingereza.

Vocha za shule binafsi, yaani fedha za umma za kulipia ada ya shule binafsi, ziache kabisa. Novemba 2024 wapiga kura wa Kentucky walikataa mabadiliko ya katiba yaliyotaka kuziruhusu, takriban asilimia 65 wakipinga, na zilikataliwa katika kaunti zote 120. Bodi ya wilaya haina kura hapo.

Nimeacha Kiingereza mpaka hapa kwa sababu ndicho wagombea wengi hawakijui vizuri. Wajibu wa kumfundisha mtoto asiyejua Kiingereza unatokana na uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1974, Lau dhidi ya Nichols, na sheria ya shirikisho ya mwaka huohuo. Haki ya mtoto kusoma bila kujali hati za uhamiaji inatokana na Plyler dhidi ya Doe, 1982. Hakuna bodi inayoweza kuzifuta. Lakini bodi inaweza kuzipunguza unene bila kuzigusa kisheria: mwalimu mmoja wa Kiingereza akagawanywa shule tatu, mkalimani wa ana kwa ana akabadilishwa kuwa sauti ya simu, matangazo ya basi yakatafsiriwa siku mbili baada ya mabadiliko kuanza. Hayo yote yanapita ndani ya bajeti kama mstari mmoja ambao hakuna anayeusoma.

Kwa hiyo usiulize "unaunga mkono wanafunzi wa Kiingereza?" Wote watasema ndiyo. Uliza: "Mwalimu mmoja wa Kiingereza ahudumie wanafunzi wangapi? Ukifika wakati wa kukata, nafasi hizo utazilinda au la? Mtoto akitoka Newcomer Academy (shule ya JCPS ya wanafunzi wageni wanaojifunza Kiingereza), atakuta mwalimu wa Kiingereza katika shule ya mtaani kwao, au atapandishwa basi hadi upande mwingine wa jiji?" Hili la mwisho linaunganisha Kiingereza na mabasi, na mgombea ambaye hajawahi kuyaona pamoja utamjua kwa kimya chake.

Kuna swali jingine ambalo familia nyingi zinaogopa kuliuliza hadharani. Januari 2025 serikali ya shirikisho ilifuta mwongozo uliokuwa ukiwazuia maofisa wa uhamiaji kufanya kazi zao shuleni kwa kawaida. Bodi inaweza kuwa na kanuni iliyo wazi kuhusu mwalimu mkuu afanye nini ofisa akifika mlangoni: nani apigiwe simu, na kama inatakiwa hati iliyosainiwa na jaji au karatasi ya idara tu. Kumbukumbu za mtoto zinalindwa na sheria ya shirikisho ya faragha ya 1974. Uliza mgombea ataunga mkono kanuni iandikwe, au atawaachia walimu wakuu wakisie.

Sasa njia za kupata majibu. Kwa mjumbe anayetetea kiti, anza na kumbukumbu za vikao na video kwenye tovuti ya wilaya. Usihesabu kura za ndiyo, maana mambo mengi hupitishwa kwa fungu moja bila mjadala. Angalia nani aliomba jambo litolewe kwenye fungu lijadiliwe peke yake, na nani alipiga hapana peke yake. Vikao vichache vya kutazama: Aprili 2024 kwa mabasi, Mei kwa bajeti, na vile vya mwisho wa kiangazi kwa kiwango cha kodi. Hati ambayo haipo tovutini, mkaazi yeyote wa Kentucky anaweza kuiomba kwa maandishi chini ya sheria ya kumbukumbu wazi, na ofisi ina siku 5 za kazi kujibu.

Mgombea mpya hana kura za kuchunguza, lakini ana pesa. Nenda tovuti ya Kentucky Registry of Election Finance, kref.ky.gov, andika jina lake. Ripoti za kabla ya uchaguzi hutoka siku 60, 30 na 15 kabla ya kura. Ile ya siku 15 ndiyo yenye mengi. Tazama wafadhili wamejazana wapi: walimu, wenye majengo, wanasheria, ndugu zake, watu wa nje ya kaunti. Kisha tafuta kamati zinazotumia fedha zao zenyewe bila kumpa mgombea. Kamati ya siasa ya chama cha walimu, JCTA, inaitwa Better Schools Kentucky, na huwa inatangaza inayemuunga mkono. Kuungwa mkono na walimu hakumfanyi mtu mbaya wala mzuri, ila kunakwambia jinsi atakavyokaa mezani mkataba wa walimu ukifika. Vivyo hivyo kwa kundi lolote la wazazi au wafanyabiashara. Kama kipeperushi kina maneno madogo chini, yasome kwanza: sheria inataka yaseme nani amekilipia.

League of Women Voters huweka maswali yaleyale kwa wagombea wote kwenye VOTE411.org. Yana thamani pale mgombea alipoacha nafasi wazi. Magazeti na redio za jiji hufanya hivyo karibu na Oktoba.

Njia bora kuliko zote ni kuwaandikia mwenyewe. Barua pepe moja, maswali matatu, maneno yaleyale kwa kila mgombea, siku ileile, ukiwapa wiki moja. Yakizidi matatu watajibu rahisi na kuruka magumu. Ikisainiwa na wazazi ishirini wa kanisa au umoja wenu, itajibiwa upesi zaidi kuliko ya mzazi mmoja. Mkitaka kuwaita wazungumze, waiteni wote, muda sawa, maswali sawa, na mchungaji au imamu asimpigie debe mmoja wao. Mleteni mkalimani mtu mzima. Mtoto wa miaka kumi na miwili asifanyiwe kazi ya kutafsiri kodi ya majengo.

Maneno ya vipeperushi nayo yana tafsiri za mitaani. "Haki za wazazi" kwa mmoja ni taarifa na ruhusa ya kumtoa mtoto, kwa mwingine ni kuondoa kitabu ili asikisome mtoto wa mtu yeyote. "Usawa" kwa mmoja ni fedha zaidi kwa shule za magharibi mwa jiji, kwa mwingine ni kubadilisha mipaka ya shule. "Uwajibikaji" mara nyingi ni kumwondoa superintendenti. Ukikutana na neno la aina hiyo, muulize swali moja: "Utawasilisha pendekezo gani, na utalipia wapi?"

Siku yenyewe ni tarehe 3 Novemba 2026, vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kura ya mapema bila sababu ni Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi zinazotangulia. Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 5 Oktoba, saa kumi jioni. Kitambulisho chenye picha kinatakiwa. Karatasi haipatikani kwa Kiswahili, lakini sheria ya shirikisho inamruhusu asiyeweza kuisoma kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi; mtajaza fomu fupi kituoni.

Ndugu mwenye kadi ya kijani asijiandikishe hata akiulizwa na karani wakati wa kuchukua leseni. Kura moja ya asiye raia ni kosa la jinai na inaweza kumfukuzisha nchini.

Na angalia kosa hili, kwa kuwa linapoteza kura nyingi za bodi: juu ya karatasi kuna sehemu ya kuchagua chama kizima kwa alama moja. Ukiijaza, viti vyote vyenye chama vimehesabiwa, lakini bodi ya shule haina chama. Shuka hadi chini, geuza karatasi upande wa pili, jaza duara la mgombea wako kwa mkono.